Simba wa babu Mwishehe

Siwema, bibi ameniumbua mbele ya wakwe. Nilikuwa natamba jinsi simba alivyomtia babu Mwishehe kovu mkononi safari ile ya kaskazini. Bibi akauliza, "Simba gani?"

Shoga, sikia. Mwaka 1951 mzungu alimtoa babu kijijini Kibuta awe mpishi kwenye lori lake lenye vitanda. Babu akapakia gunia la nazi, eti wali bila nazi ni adhabu.

Huko nyikani, kwenye mteremko, nazi moja ikabingirika chini ya breki. Mzungu anakanyaga, nazi. Anakanyaga tena, nazi. Lori likalala korongoni.

Mzungu akauliza, "Nini hii?"

Shujaa wetu akajibu, "Chakula cha jioni, bwana."

Na kovu? Alijikata akiikuna.

Sasa mama mkwe ananiita jikoni nikakune nazi. Anasema nijihadhari na simba.