Mkanda Wenye Jina la Deo

Mdogo wangu Deo,

Wiki iliyopita binti yako Kabula aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja, na wewe unanijua, hata mtu akiniuliza saa naanza kumweleza jua. Tulikuwa tunatazama televisheni hapa Butimba. Ndiyo, siku hizi televisheni imefika hata kwetu. Walikuwa wanaonyesha bendi za roki za zamani za Wazungu, zile ulizojifunza kwa kulaza sikio kwenye spika ya redio. Kabula huzisubiri kila wiki, kwa sababu aliambiwa baba yake alipiga muziki ule.

"Baba mkubwa," akasema, "mbona wanarudia kipande kilekile? Bendi kubwa hivi, haikupigwa picha siku nyingine?"

Nikamweleza. Filamu ilikuwa ghali, na mkanda mmoja uliisha baada ya dakika chache, pengine kabla wimbo haujaisha. Kumbi zilikuwa na giza, na kamera za wakati ule zilitaka mwanga mkali. Hata vituo vya televisheni vya huko, vikisharekodi, vilifuta na kurekodi mambo mengine juu yake, maana mkanda ulionekana kuwa na thamani kubwa kuliko vijana wa nywele ndefu waliokuwa ndani yake. Na wanamuziki wenyewe walijua kesho watapiga tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na baba, naye walimfuta?"

Deo, mtoto huyu anakumbuka kikohozi chako. Gitaa lako yeye halikumbuki.

Mimi nalikumbuka. Nakumbuka lile bugi, dansi la vijana la Jumapili mchana, katika ukumbi ambao sasa ni ghala la mitumba. Jirani yetu alikuwa amerudi kutoka Uarabuni na kamera ya video, anaibeba begani kama gunia la dagaa. Wewe na wenzako wa bendi mlifungua kwa roki, na watu wakabaki wamekaa. Jamaa mmoja akapaza sauti, "We Deo! Hizo kelele za Wazungu mpaka lini? Tupigie kitu cha kuchezeka!" Ukamjibu kwenye kipaza sauti, "Tulia mjomba, bia yako yenyewe bado imejaa." Ukumbi mzima ukacheka. Ukainama juu ya gitaa la solo, na wimbo ule ulipokwisha hata yeye alikuwa amesimama juu ya kiti.

Jirani alikupa mkanda wa siku ile. Ukaandika juu yake "DEO" kwa herufi kubwa, ukampelekea mama Misungwi akutunzie. Mama hakuwa na umeme wala deki ya kuuonyeshea. Aliuviringisha kwenye kitenge, akauweka kabatini.

Kisha ukaanza kukonda, kwa ugonjwa ambao mpaka leo hatuutaji kwa jina lake. Siku ya kukuzika tulimwita mpiga video, ili dada yetu aliye Mtwara, ambaye asingewahi, aone kwamba ulizikwa kwa heshima. Ibada ikawa ndefu. Mkanda wake ukaisha kabla ya kufika makaburini, nami nilikuwa barabarani nawapokea walimu wenzangu. Mama akaingia ndani, akatoka na ule wenye jina lako. Jina lako lilikuwa moja ya maneno machache aliyoweza kuyasoma.

"Huu ni wake," akasema. "Wekeni humu, mambo yake yakae pamoja."

Alidhani mkanda ni kama sanduku, kwamba nguo mpya unailaza juu ya ile ya zamani, na zote zinabaki. Mpiga video hakuuliza. Aliurudisha mwanzo, akawasha.

Mama alikufa bila kujua. Ni nani angemwambia?

Jambo hili nilimweleza Kabula lote, akasema anataka kuuona hivyohivyo. Jumamosi nikaazima deki. Tukaona jeneza, tukaona kwaya, tukaona mama ameshikwa mikono na wanawake wawili. Katika mkanda ule wote ni wewe peke yako usiyetembea. Udongo wa mwisho ulipotupwa nikainuka kuutoa mkanda. Miaka yote hii, kila aliyeutazama aliishia hapo.

Kabula akanishika mkono. "Acha kwanza, Baba mkubwa."

Kioo kikajaa chengachenga, zikavuma muda mrefu. Halafu ukatokea wewe. Umevaa shati lile la maua, jasho linakutoka, gitaa bado liko shingoni. Nikamwambia Kabula, "Ndiye huyo," naye akasogea mpaka karibu aguse kioo. Tukangoja upige. Lakini onyesho lilikuwa limekwisha, Deo. Ulichomoa waya, ukafuta nyuzi kwa leso, ukatazama kamera na kucheka.

"Zima basi, ndugu yangu. Unamaliza mkanda bure."

Jirani akazima.

Kabula aliurudisha, akaurudisha tena, mpaka nikaogopa utakatika. Mwishowe akaniuliza, "Baba alikuwa anauonea huruma mkanda?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Sote tuliuonea huruma mkanda."

Pumzika huko Misungwi, karibu na mama. Ukimwona, usimwambie.

Mimi kaka yako, ninayemlea Kabula,
Butimba