Kijiti cha Mbuni

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu wanaitikia marahaba, lakini ukinyamaza nitajua una kazi mkononi.

Karakana yetu ya ngozi pale Daraja Mbili ingalipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza kama tumekula. Ilibaki kidogo ifungwe, na aliyekaribia kuifungisha bila kujua ni mdogo wako, baba yangu. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado wazi pale uani, alitoa mfukoni kile kijiti chako cha mti wa kahawa, ulichokuwa ukisugulia kingo za ngozi mpaka zing'ae, akakuwekea mkononi. Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote, nikamshukuru. Matanga yalipokwisha nikafungua karakana, nikanyoosha mkono kwenye msumari kilipokuwa kikining'inia, ndipo akili ikanirudi. Baba alikuwa amekuzika na kiwanda.

Nilijaribu kusugua kwa mpini wa kijiko. Nikajaribu kalamu. Kingo zilibaki na vinyuzi. Na kulikuwa na ubaya mwingine, Shangazi, ambao ungenichekea. Vile vitanzi vinavyoshika ncha ya mkanda isining'inie, mkate wetu wa kila siku, nilikuwa nikivitengeneza kimojakimoja. Nilikata kimoja, nikakisugua, nikakililia, ndipo nikakata kingine. Niliona kufanya haraka ni kukukosea heshima. Basi havikutoka hata viwili vya kufanana.

Ungeninyang'anya kisu. "Unatengeneza kitanzi au unalea mtoto?" Wewe ulikata utepe mrefu kwanza, ukaupiga msasa, ukaulowesha, ukaupaka nta, ukausugua wote kwa mkupuo mmoja. Kukata vipande kulikuja mwisho, na kila kipande kilitoka kikiwa kimekamilika pande zote mbili. Mtu akikuambia haraka haraka haina baraka, ulimjibu kwamba methali hiyo aliitunga mtu asiye na oda. Nakumbuka ulivyocheka mwenyewe, nta imekujaa kwenye kucha. Nimekimiss mno kicheko hicho.

Kisha akaja Mama Nashipai kutoka Oldonyo Sambu, yule wa mikanda ya shanga. Alitupa pole, akanywa chai, akavigeuzageuza vile vitanzi vyangu. Akiwa mlangoni ndipo akasema: "Mwanangu, nitakuletea kazi mara hii moja tu. Nikiona ukingo mzuri, tunaendelea. Nisipoona, usinilaumu." Unajua yeye akiondoka hatubaki na mteja wa maana. Baba alikuwa ameshaanza kusema chumba kinaweza kupangishwa kwa muuza simu.

Nikapanda nyumbani mlimani. Nikakata tawi kwenye ule mbuni wako ulio karibu na migomba, hatua chache kutoka ulipolala, nikachonga kijiti na mfereji wake katikati wa kupitishia ukingo, nikajiona fundi. Kumbe mti mbichi unatoa jasho. Ulinichafulia utepe mzima kwa maji ya kijani, na kabla ya Jumapili kijiti kikapasuka. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni kwa Bibi nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Bibi akacheka. Mama yako huyo, kazika binti yake na bado anaweza kucheka. "Na Ndeshi alianza hivyohivyo," akasema. "Alikata mbichi, akanuna wiki nzima." Shangazi, miaka yote nilidhani ulizaliwa unajua. Hukuniambia kamwe. Bibi akanyoosha mkono kwenye dari la juu ya mafiga, zinapokaushwa kuni kwa moshi, akachomoa tawi jeusi, kavu, zito. La mbuni uleule. Ulilipogoa wewe mwenyewe.

Hilo halikutoa jasho. Nililichonga kulingana na kidole gumba changu, kwa kuwa changu ni kifupi kuliko chako. Nikakata utepe mrefu, nikausugua wote, na nilipoanza kuukata vitanzi vilidondoka mezani vinang'aa, vyote ndugu. Niliimba. Jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Mama Nashipai alipokuja alichukua kimoja akakipitisha shavuni, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. "Hii si kazi ya Ndeshi," akasema, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala. "Ukingo wa Ndeshi ulikuwa bapa. Huu ni wa duara. Ni kazi yako. Nitaleta ngozi Jumatatu."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, najua, usiniangalie hivyo. Jumatatu ngozi ilifika, na hata sasa imekunjwa pembeni yangu inanisubiri.

Baba sijamwambia kitu kuhusu kijiti. Alikupa alichoona unakipenda kuliko vyote, na hakukosea. Kaa nacho.

Mimi nakuahidi utepe mrefu kwanza, kisu mwisho, machozi nje ya saa za kazi. Na changu hiki nimekitundika kwenye msumari wako. Siku yangu ikifika, wote nimeshawaambia: wanizike mikono mitupu.

Pumzika, Shangazi.

Ni mimi, Penda wako