Wa Tatu Kutoka kwa Mpiga Ngoma

Dar es Salaam, Jumatatu

Mpendwa mdogo wangu Skola,

Shikamoo yako niliikuta juu kabisa ya barua, marahaba. Baba mfikishie yangu, na uniambie kama kifua kimetulia au bado kinambana. Mimi na wifi yako Anna ni wazima. Kiwandani tumebaki wachache tangu kiuzwe, ila zamu ya asubuhi ningali naingia.

Najua unachosubiri ni habari ya sinema, nisikuzungushe. Ile filamu ya zamani iliyopigwa pale kwetu Mbaha, mama akicheza ngoma ya kioda mwaka mmoja kabla hujazaliwa, ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa sinema hapa mjini. Nilivaa shati la Pasaka. Anna alivaa kitenge kipya, akasema anakwenda kumwamkia mkwewe.

Siku hizi hawatumii tena ile mikanda mikubwa. Wamefunga mashine ya video, picha inatoka imefifia, ina michirizi. Ziwa nililitambua. Mwamba wa kufulia pia. Kisha wakaingia akina mama wa kioda, wote magauni meupe na vilemba vyeupe kama desturi yao, na weupe wote ukaungana ukawa kama shuka moja kwenye kamba. Baba alisema mama ni wa tatu kutoka kwa mpiga ngoma. Nilihesabu, nikamwona wa tatu. Uso hakuwa nao.

Nikamfuata fundi wa mashine, nikamuuliza kama picha inaweza kusafishwa.

"Kaka, hii ni nakala ya nakala," akasema. "Hapo hata mama yako mzazi humtambui."

Hakuwa na ubaya, alikuwa anakula karanga zake. Nikamshukuru.

Sikulia, Skola. Nilidhani ningelia. Anna aliniuliza ni yupi, nikamwonyesha, na tangu juzi anasema wewe umerithi mabega yake.

Sasa nikwambie la kweli. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, wewe siku tisa. Ulipokuwa ukiniuliza sura yake nilikujibu ujitazame kwenye maji, ndiye huyo. Nilikuwa nakunyamazisha tu. Uso wake sikuwa nao kichwani hata wakati ule, ndiyo maana nilikwenda.

Msalimie shemeji na watoto, na katekista jirani yetu. Baba mwambie wa tatu alionekana, na alicheza vizuri. Hapo hutakuwa umemdanganya. Shangazi aliyetulea msalimie kwa heshima zote, kisha mkalishe peke yake umuulize mama alikuwaje usoni. Uniandikie na mimi.

Kaka yako,
Damiani