Shemeji Yako Ameachiwa

Kaka yangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mpwa wako ameota meno mawili, anatung'ata sote.

Shemeji yako ameachiwa. Wakili alinieleza: "Hati ile ya kumkamata ilikuwa ya muda tu, ya kumshikilia wakati nchi inayomtaka ikiandaa maombi kamili ya kukabidhiwa. Muda umekwisha, maombi hayajafika."

"Kwa hiyo yamekwisha?"

"Hapana, mama. Yakifika, watamkamata upya."

Tangu arudi analala na viatu. Jana jirani alipiga hodi, anaazima pasi. Shemeji yako alimbusu mtoto, akasimama mbele ya mlango, akanyoosha mikono yote miwili afungwe pingu.

Sijamuuliza kama kweli aliyatenda wanayomshtakia. Naogopa atanijibu.

Ni mimi, mdogo wako.