Dada Sita Wenye Kiuno Kimoja

Bibi Mwamvua, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, kila kitenge kipya nashona magauni sita tu, la saba sishoni hata unililie, ndiyo maana wanawake wanasema gauni la Lidwina hukutani nalo kanisani, sasa akaja Devota wa mtaa wa Ruhuwiko, alfajiri kabla ya wote, na karatasi ya vipimo eti vya dada zake sita, vyote sawasawa, akachukua yote, akalipa palepale, nikashona, mara ya pili, mara ya tatu, hadi nikasikia anayauza bei mara mbili, nikanyamaza kwa sababu jina langu nalo lilikuwa linapanda. Na Mama Walburga, mteja wangu tangu nashonea barazani kwa cherehani ya kuazima, mara zote tatu nimemwambia "yameisha, mama," naye anajibu "haya, mwanangu." Mwezi uliopita akaja na gauni langu mkononi, kalinunua kwa Devota, akaomba nimpunguzie kiuno. Nikapunguza, nikapokea na ujira. Tangu hapo hapiti hata mtaani kwangu. Nimfukuze Devota? Nishone mengi zaidi?

Lidwina, Majengo

Marahaba, Lidwina. Barua yako nimesomewa mara mbili, maana darasani sikuingia, lakini kwa viuno sihitaji mwalimu. Dada sita, kiuno kimoja? Mama yao aliwafyatua kama matofali? Ulijua tangu siku ya kwanza, na futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwako. Devota ni mchuuzi, kaona mlango wazi kaingia. Mlango ni wako.

Mimi nimeuza vitumbua. Wapo walionunua vikiwa vimeungua, wakala, wakasema vitamu. Nilipojua kupika, hao nikawa nawawekea vya kwanza, hata wachelewe. Akaja bwana wa stendi anataka beseni zima. Nikamwambia, "Baba, ngoja wangu wale kwanza." Akanuna, akangoja. Mama Walburga ndiye aliyekula vya kuungua vyako, na wewe ukampokea ujira! Niliposomewa hapo, niliomba maji ya kunywa.

Usishone mengi, utamwaga mwenyewe kinacholeta watu. Sita yabaki sita. Ila kuanzia leo hupimi karatasi, anayetaka gauni alete mwili wake. Devota naye aje, mpime, mpe moja, avae. Na katika kila sita, mawili ni ya watu wako wa barazani mpaka waseme wenyewe hawataki.

Kitenge kitakachofuata usikitundike dukani. Kibebe na futi yako, nenda kwa Mama Walburga kwa miguu yako, usimtume bodaboda. Ujira wake mrudishie, maelezo yaache. Sema tu, "Mama, nimekuja kukupima." Akikunyamazia, kaa hapohapo. Akisimama akainua mikono, usilie, mwanangu. Pima.