Gitaa la Kaka Linavuma Tena

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kitinda, mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo huko uliko? Kile kifua chako cha utotoni bado kinabana kwenye baridi? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama na macho yangu. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ni vita, kwa hiyo ukijibu, andika herufi kubwa.

Miaka kumi na miwili nimekuandikia barua fupi za nani kaoa na nani kajifungua. Hii ni ndefu. Kaa kitako, na kama una chai, inywe kwanza.

Binti wa marehemu kaka yetu ametimiza miaka kumi na mitano, na vidole ni vya baba yake vitupu. Mwezi uliopita alilishusha gitaa la umeme la baba yake kutoka juu ya kabati bila kumwomba mtu ruhusa, akaazima amplifaya ndogo shuleni. Alipoiwasha tu, mlio ukaanza, mmmm, nyumba nzima. Akishika nyuzi unanyamaza. Akiziachia unarudi.

Mama alikuwa anachambua mchele, akaacha. Akaenda kusimama koridoni, mkono ukutani, akaniambia, "Kaka yako yupo. Anataka kuanza kuimba." Tangu hapo kila jioni husimama pale pale. Mimi nashona nguo za watu nimeziba masikio kwa pamba, na bado nausikia. Naogopa nyumba yetu wenyewe, Kitinda.

Nikalipeleka gitaa kwa fundi redio, mtu mkali wa maneno machache. Alilichomeka, akazima taa ya tyubu juu ya meza yake, mlio ukapungua nusu. Akafungua kifuniko cha nyuma, akaukamata ule waya uliouunganisha wewe, unaotoka kwenye nyuzi, akauvuta kwa koleo. Haukutikisika.

"Nani kalehemu hapa?" akauliza. Nikasema mdogo wangu. "Ana mkono. Ukigusa nyuzi mlio ukakoma, jua kiungo hiki ni kizima. Kelele ni za taa tu, ndani hakuna karatasi ya bati ya kuzizuia."

Nilitaka kuinuka nicheze, maana kiungo hicho ndicho ulicholaumiwa nacho. Halafu akauliza mwenye gitaa alikufaje. Nilipomweleza alinitazama sana, akaniambia nimletee amplifaya kubwa ya siku ile, na nisithubutu kuichomeka popote.

Imekaa stoo chini ya magunia tangu msiba. Fundi alianza na plagi. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa, ncha yake ikafungwa kitambaa cha bluu. Akasema umeme ulivuja ndani ya amplifaya, na waya ule ndio ungeupeleka chini. Ulipokosa njia ukapanda kwenye nyuzi. Kaka alipogusa maiki kwa midomo, ukapita kwake.

Kitambaa kile, mdogo wangu, ni cha sare za kwaya nilizokuwa nashona wiki ile.

Nasema yote. Siku ile mlio ulinipasua kichwa. Ulikuwa umelehemu asubuhi na bado gitaa linavuma. Mwenye ukumbi wa video aliwahi kuniambia ukikata waya wa kijani, kelele kwisha. Mlipokwenda kula nikafungua plagi, nikaukata kwa mkasi wa kushonea. Mliporudi, kimya. Kaka akakubeba mgongoni, akicheka kwamba umeuweza. Ulifurahi mno, nikakuachia sifa. Haikupita saa, sifa ile ikageuka lawama, ikakuangukia wewe, nami nikanyamaza tena.

Usidhani sikushuku. Nilishuku kabla hatujamzika. Miaka yote hii sikumwuliza fundi yeyote kazi ya waya ule, kwa kuogopa jibu. Nilikuona ukifunga begi, nikakukunjia mashati, na sikufungua kinywa.

Juzi nilimwambia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa picha yako kwenye droo alikoifungia, akaitundika ukutani. Tangu hapo hasemi nami. Ukimya uliokuwa wako sasa ni wangu, na nimeupokea.

Fundi amebandika bati ndani ya gitaa, halivumi tena hata kidogo. Jana jioni Mama alisimama koridoni kama kawaida yake, akasubiri sana. Kisha akarudi jikoni.

Nisalimie mkeo na wale pacha. Shangazi anakusalimu, na mtoto wa kaka yako anasema uje umfundishe kulehemu, maana fundi amemsifia mkono wako.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha waya, urefu wa ukucha, na kitambaa chake. Viweke. Mtu akikuuliza tena nani alimuua kaka yako, mwonyeshe.

Mungu akutangulie ukikubali kuja, na usipokubali akulinde hapo hapo ulipo.

Wako akupendaye, asiye na haki ya kukuomba lolote,
Dada yako.