Mkia wa Tatu

Jumatatu, 14 Julai

Viroba viwili vya majani ya kabichi, kama kawaida. Muuza kabichi wa Kariakoo ananiwekea hata nisipomwomba. Pantoni ya saa mbili asubuhi. Kigamboni kabla ya saa tatu na nusu.

Nguruwe sita wa binti yangu Manka wanakaa chumba kimoja bandani. Leo wawili wana mikia inayotoka damu. Kifupi, mdogo kuliko wote, alikuwa na damu mdomoni. Nikatoa hukumu hapohapo. Nguruwe akishaonja mkia wa mwenzake ni vigumu kuacha, na wenzake wanamwiga. Nilifundisha hayo chuo cha mifugo mpaka nikastaafu. Nikamweleza Manka kwa nusu saa, tumesimama juani. Tukamhamishia Kifupi chumba cha pembeni, nyuma ya ukuta wa matofali. Manka akampigia simu mchinjaji. Atakuja Jumamosi saa nne.

Sesilia, mama wa Mbinga anayewalisha, alisema, "Mzee, mie namwona Bibi ndiye hayuko sawa." Bibi ni lile jike kubwa lenye sikio jeusi. Nikamjibu kwamba anayeuma ndiye anayetolewa. Akachukua ndoo yake akaenda.

Jumanne, 15 Julai

Sikuvuka. Miguu mizito. Kiu isiyokatika.

Nilishuka barazani kwa Salum, fundi cherehani wa chini ya jengo letu. Tumecheza drafti pale tangu mke wangu akiwa hai. Leo nilimwambia amesogeza kete nikiwa nimegeuka. Hakusogeza. Nilijua hakusogeza wakati nasema. Nikapanda ngazi bila kuaga.

Kila siku huniuliza, "Mbuzi katoliki hawajambo?" Muislamu safi, lakini habari za nguruwe wangu hazimpiti. Leo hakuuliza.

Jumatano, 16 Julai

Mkia wa tatu umeumwa. Wa nguruwe mwingine kabisa.

Kifupi yuko nyuma ya ukuta tangu juzi. Hawezi kuuma kupitia matofali. Kwa hiyo si yeye.

Nimemhukumu asiye na kosa, mbele ya watu, na maelezo marefu juu yake. Sesilia aliendelea kumwaga pumba. Afadhali angenikumbusha.

Kurudi, Salum alinisimamisha kwenye ngazi. "Mwalimu, mwezi mzima hukai na watu. Ukikaa, unagombana. Kuna mtu kakukosea?" Nikasema nina kazi. Sina kazi yoyote.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nilifanya nilichopaswa kufanya Jumatatu. Niligeuza ndoo, nikakaa juu yake nje ya chumba chao kuanzia saa tatu hadi saa nane, daftari magotini. Wanafunzi wangu niliwaambia kila mwaka: tazama kwanza, shika baadaye. Mwenyewe nilishika kwanza.

Nilichokiona. Chakula kikimwagwa, Bibi, ambaye siku zote hula wa kwanza na wengine humpisha, alikuja wa mwisho. Alionja, akaondoka. Wenzake walilala wamebanana kwa sababu ya upepo wa kipupwe. Yeye alilala peke yake penye sakafu yenye maji. Mmoja alipomwegemea, aligeuka akamng'ata mkia. Akafanya hivyo tena saa sita. Damu ilipotoka, wengine walikuja kuilamba. Kifupi alikuwa mlambaji tu.

Kipimajoto changu kilikuwa mfukoni wiki nzima. Bibi ana zaidi ya nyuzi arobaini na moja. Bwana mifugo alifika saa tisa. Tuliogopa homa ya nguruwe, ile inayomaliza banda zima. Hakuna dalili zake. Ni mapafu. Amechomwa sindano.

Niliandike hili ili nisilisahau tena. Mnyama anayeishi kundini, ugonjwa huonekana kwanza katika ujirani wake. Kabla ya kikohozi, kabla ya kukonda, anabadilika kwa wenzake. Anajitenga. Anakosa subira. Sisi tunaona ukali, tunatafuta mkorofi. Tungetafuta mgonjwa.

Bibi sasa yuko chumba cha pembeni. Kifupi tumemfungia stoo ya pumba.

Kwenye pantoni nilisoma daftari. Haji kula na wenzake. Analala peke yake. Anamng'ata anayemsogelea. Nililifunga, nikatazama maji mpaka Magogoni.

Ijumaa, 18 Julai

Zahanati asubuhi. Sukari imepanda sana. Vidonge niliacha Aprili kwa kuwa nilijisikia vizuri.

"Babu, nani alikwambia umepona?"

"Mimi mwenyewe."

Nesi hakucheka. Nimepewa dawa na tarehe ya kurudi.

Mchana nilivuka, nikafanya kosa la pili. Nilimrudisha Kifupi kwa wenzake peke yake, chumba kilekile, saa ya chakula. Siku nne tu, lakini harufu yake ilikuwa ya stoo. Walimvamia wote wanne. Sikio limechanika. Sesilia na Manka walimtoa kwa ubao. Jambo hili nalo nililifundisha: usirudishe mmoja kwa wengi. Nilikuwa na haraka ya kuifuta Jumatatu.

Manka alikuwa anahema. "Baba, kwa wenzake watamuua, stoo hawezi kuishi. Bibi kachomwa sindano, hauziki. Kesho mchinjaji akija, amchukue Kifupi tu."

Hakukosea. Nikamwomba anipe mpaka hiyo saa nne.

Nikamfuata Sesilia jikoni, nikamuuliza kwao wanafanyaje. Alinitazama kidogo, kama anayepima ninauliza kweli au ninamjaribu. Kisha akasema mama yake alikuwa anawapaka wote majivu yaliyochanganywa na mchaichai uliopondwa. Wanaorudi na waliobaki. "Wakinuka sawa, Mzee, hawajui wamchukie nani."

Miaka yote chuoni, sikuwahi kuifundisha.

Jumamosi, 19 Julai

Pantoni ya kwanza. Mchaichai mafungu manne kutoka sokoni.

Sesilia alikuwa ameshachekecha majivu. Tulikiosha chumba chote na kutandika maranda mapya, kisiwe cha yeyote. Tukawapaka watano wote, mgongo hadi mkia. Mikia iliyojeruhiwa na sikio la Kifupi tulitia dawa kwanza. Tukawaingiza kwa pamoja, chakula kimetawanywa sehemu tano. Kidogo wakasukumana. Mmoja akamnusa Kifupi sikioni, muda mrefu. Nilishika ubao. Akapiga chafya, akaenda kula.

Saa nne kamili mchinjaji akafika na guta lake. Akachungulia. Nguruwe watano wa kijivu, na sisi watatu wa kijivu.

"Mzee, Jumatano ya Majivu si ilishapita?"

Akawahesabu kwa kidole.

"Sasa wa kwangu yupi?"

Manka aliwatazama. Kifupi alikuwa katikati yao, kichwa ndani ya kabichi. Akasema, "Hayupo, kaka. Samahani kwa safari."

Mchinjaji alilalamika, akapewa chai, akaondoka. Mimi nilimwambia Sesilia mbele ya Manka kwamba Jumatatu aliona sawa na mimi nilikosea. Akasema, "Haya, Mzee," akaendelea kufagia. Kisha tukatoa matofali mawili ya chini kwenye ukuta wa Bibi. Wawe wananusana. Akipona asirudi mgeni.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Kidonge baada ya uji.

Sesilia alipiga simu saa tano. Bibi amekula nusu ya chakula. Homa imeshuka. Ameacha kulala kwenye maji, amehamia penye tundu la ukuta. Upande wa pili wamelala wenzake, Kifupi wa kwanza, mgongo umeziba tundu.

Jioni nilishuka. Salum alikuwa anafunga kibanda. Nikamwambia kete hakusogeza, na kwamba naumwa sukari. Akatoa ubao wa drafti chini ya cherehani, akapangusa vumbi.

"Mbuzi katoliki hawajambo?"

"Mmoja mgonjwa. Anaendelea vizuri."

Akasogea kwenye benchi. Nikakaa.